Nafasi ya Kuitikia

Sauti ile ni yangu.
Nilirikodiwa Chake, ghorofa ya pili,
chumba kimezibwa kwa magodoro, feni imezimwa,
jasho lashuka mgongoni, na Haroub,
masikio ndani ya vile vikombe vyake vyeusi,
anainua kidole: Tena. Usitabasamu sana. Tena.
Elfu themanini taslimu, na soda.

"Assalaamu alaykum. Karibu huduma ya maji.
Bonyeza moja kama maji hayatoki.
Bonyeza mbili kama bomba limepasuka.
Bonyeza tatu kwa ankara, nne kwa mita, tano..."
mpaka tisa. Tisa, wallahi,
kama mwenye duka anayehesabu sahani za harusi
na mteja kashatoka.

Mwezi mzima nilijiona.
Wete, muuza vocha alinitazama mdomo:
"Wewe ndiye yule wa bonyeza?"

Kisha bomba la mamangu likakauka, Kiuyu.
Siku ya kwanza lilikohoa,
ya pili likatoa kutu na mdudu mmoja,
ya tatu, kimya.
Mjukuu akampigia namba, akamwekea simu sikioni,
akenda zake chuoni.

"Assalaamu alaykum," nikasema mimi niliyemo ndani.
"Waalaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh!
Raya! Ni wewe? Wambaje, mwanangu?
Na Khelef, kifua chake?"
Nami, mimi yule, sikungoja.
Nilikwisha pita moja, nilikwisha pita mbili,
niko kwenye mita.
Akanyamaza, akidhani nina hasira naye.
Akaondoa simu sikioni kutafuta tarakimu,
vidole vina utomvu wa ndizi, miwani iko juu ya kabati;
alipoirudisha nikamwambia, kwa upole uleule
niliofundishwa mara kumi na moja:
"Samahani. Chaguo lako si sahihi."

Mama yangu.
Chaguo lako si sahihi.

Alipiga mara nne. Salio likaisha.
Alhamisi alfajiri alinipigia kwa simu ya jirani:
"Raya, nimekukosea nini?"

Nikaenda kwa Haroub na ndoo.
Ndoo tupu, nikaitua juu ya meza, juu ya waya zake.
Nani alikufunza kutoa salamu
ukakimbia kabla haijajibiwa?
Hata mwenye kukudai hungoja aitikiwe.
Na kwa nini namba itangulie haja?
Mtu husikia "moja", hajui moja ya nini;
akijua ya nini, moja imeshamponyoka.
Taja haja kwanza, namba ifuate,
kama jina la mtu na ubini wake.
Tisa ni nyingi. Tatu zatosha.
Na mtu yuko wapi? Nyumba gani hii,
vyumba tisa, unabisha hodi chumba kwa chumba,
na hakuna hata kimoja chenye mwenyewe?

"Tuliijaribu," akajitetea.
Na nani?
"Mimi. Na mhasibu."
Wote wawili wameihifadhi kama Alhamdu.
Wote wawili wana tangi juu ya paa.

Tukarikodi upya, magodoro yaleyale.
Baada ya salamu nikamwambia: hapa niache.
"Nikuache vipi?"
Usizime.
Nikakaa mbele ya kinasasauti sekunde sita
bila neno, nikimpa mama nafasi
ya kuuliza kifua, na kuku, na mvua,
na mara moja nikapumua.
Haroub alitaka kuikata ile pumzi.
Nikamshika mkono.

Maji yenyewe yalirudi Jumatatu.
Aliyeyaleta ni fundi Shaame, kwa baiskeli na spana,
naye aliambiwa na jirani, si na simu.

Lakini mjukuu ananiambia
mama bado hupiga ile namba, baadhi ya siku,
bombani maji tele.
Husalimiwa. Huitikia mpaka mwisho, taratibu.
Hukata kabla sijasema bonyeza.